MSITUYEYUSHIE PENTIUM ZETU

Leo sikuleta shairi. Nimeleta ugomvi.

Kuna msemo umeota mizizi vijiweni, kuanzia Tarime mjini, ukapita Nyamongo, ukateremka mpaka Mugumu. Eti kompyuta ya zamani ni takataka. Eti kijana anayeifungua usiku, akabadili kasi ya prosesa yake, kisha akakaa na saa mkononi kuipima, ni kijana aliyekosa kazi. Msemo huo nimeusikia dukani na nimeusikia ofisini. Cha kusikitisha zaidi, nimeusikia kwa waandishi wenzangu, watu wa kalamu, ambao wangepaswa kuwa wa mwisho kumcheka mtu anayekesha juu ya kitu kisichomlipa chapaa.

Mimi nasema ni uongo. Na si uongo wa bure, kwa maana wapo wanaoufaidi.

Kwanza tuelewane tunagombania nini. Mchezo wenyewe vijana wanauita ovakloki. Mimi nauita kukoleza, kama unavyokoleza moto au rangi. Kitu ni kile kile, ila unakitia nguvu zaidi ya ile aliyokipimia mwenye kukitengeneza. Na kila kukoleza kuna ndugu yake pacha, naye ni kupima. Ukikoleza bila kupima umefanya ushirikina tu.

Kwa asiyejua, aende kwenye mashine yoyote ya kusaga, iwe Sirari au Nyamwaga. Atakuta mota inayozunguka kwa kasi yake. Atakuta puli mbili, kubwa na ndogo, na mkanda katikati. Mwenye mashine akitaka kinu kizunguke upesi zaidi ana njia mbili: abadili mota, au abadili puli. Basi prosesa nayo iko hivyo hivyo. Kwenye mazabodi kuna saa inayopiga, na hiyo ndiyo mota. Ndani ya prosesa kuna kizidisho, nacho ndicho puli. Chukua Celeron 300A, ambayo Intel iliitoa mwaka 1998. Saa ya bodi ilipiga megahezi 66, kizidisho kilikuwa 4.5. Zidisha utapata 300, na ndiyo namba iliyoandikwa mgongoni.

Intel walikuwa wamekipigilia misumari kizidisho kile. Hukigusi. Lakini mota waliiacha wazi. Mazabodi zenye chipu za 440BX za mwaka huo huo zilikuwa zinaweza kupiga megahezi 100. Weka ile Celeron hapo, uiambie bodi ipige 100, halafu zidisha tena: 450. Ile ndiyo kasi ya Pentium II ya juu kabisa ya mwaka ule, ambayo dukani iliuzwa kwa bei mara kadhaa zaidi. Na kama bodi ilikuwa mbishi, dawa ilikuwa kufunika pini moja tu, ile iitwayo B21, kwa kipande kidogo cha selotepu au tone la rangi ya kucha. Rangi ya kucha, jamani! Kampuni yenye maabara na wahandisi kwa maelfu, inazidiwa ujanja na kichupa cha dada yako.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2000, zikaja Athlon na Duron za AMD za soketi ndogo. Hizo nazo zilifungwa kizidisho, lakini wakaacha vijidaraja vya shaba vilivyokatwa juu ya prosesa. Vijana wakagundua kwamba penseli ya kawaida ya shule, ukiichora taratibu kuunganisha vidaraja vile, risasi yake inapitisha umeme na kufuli linafunguka. Sasa niambieni, nyie washairi mnaojiita watu wa penseli: ni lini penseli zenu zilifungua kufuli?

Mimi ninakaa Mugumu. Nina Celeron ya aina hiyo moja, Duron moja, Pentium MMX moja na Pentium III mbili. Sikuzinunua kwa bei ya kompyuta. Nilizinunua kwa kilo, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, zikiwa zimelala kati ya masufuria yaliyotoboka na rimu za baiskeli. Yule bwana alinipa prosesa za plastiki bila kubisha. Zile za kauri, zenye mgongo wa zambarau na miguu ya njano, alizishika. Akaniambia hizo zina mteja wake. Mteja gani? Mteja wa dhahabu.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Ni kweli, prosesa za kauri za zamani, kama 486 na Pentium Pro ya mwaka 1995, zina dhahabu. Miguu yake imepakwa dhahabu, na ndani kuna nyuzi nyembamba za dhahabu zinazounganisha chipu na miguu. Mtu huziloweka kwenye tindikali, moshi wa njano unapanda, na mwisho wa yote anabaki na kijichembe cha kujaza nusu ya ukucha, pamoja na ndoo ya sumu ambayo atakwenda kuimwaga mtaroni. Sisi watu wa Tarime na Serengeti hatuhitaji kufundishwa dhahabu ni nini. Mgodi wa North Mara pale Nyamongo umekuwa ukizalisha tangu mwaka 2002, na wachimbaji wadogo walikuwepo kabla yake. Tunajua dhahabu inaleta nini, na tunajua inaacha nini. Ndiyo maana nashangaa kwamba katika wilaya hizi hizi, mtu akiyeyusha Pentium Pro kwa tindikali anaitwa mjasiriamali, na mtu akiiwasha akaipima anaitwa mvivu.

Hesabu yake ni rahisi. Prosesa iliyoyeyushwa unaiuza mara moja. Iliyowashwa, aliyeifungua amefundishwa umeme, joto, hesabu na subira, na kesho itamfundisha mwingine.

Lakini tuache mnunuzi wa vyuma chakavu, yeye anatafuta riziki yake. Nataka niseme na wakubwa zaidi.

Wa kwanza ni wauzaji. Mtu anatoka kijijini, Robanda au Nata, ameuza mbuzi watatu, anakwenda dukani kumnunulia mtoto kompyuta ya mtumba. Kwenye kasha imebandikwa karatasi: P4, 3.0. Analipa. Mashine inafika nyumbani inatambaa kama kobe mwenye mimba. Mwaka jana jirani yangu mmoja aliniletea ya namna hiyo. Niliiwasha, nikaweka programu ya CPU-Z, ambayo kazi yake ni kusoma prosesa inavyojitaja yenyewe, si inavyotajwa na karatasi. Ilikuwa Celeron ya 2.4. Tulipoirudisha, muuzaji alicheka. Akasema, "Kwani wewe macho yako yanaona tofauti?" Jina la duka naliacha, kwa kuwa sigombani na duka moja. Nagombana na lile swali lake.

Kwa sababu ni swali la haki, na jibu lake ni moja tu: macho hayaoni, kipimo kinaona. Nenda kamuulize mchimbaji mdogo yeyote. Je, atauza dhahabu yake bila mizani? Atakubali mnunuzi amwambie "hii naona ni gramu mbili"? Patachimbika! Mtu wa Nyamongo hauzi hata punje bila kuiona inatulia kwenye mizani. Basi kwa nini mtu huyo huyo akivuka barabara kununua kompyuta anakubali kuambiwa kwa mdomo? Mizani ya kompyuta ipo. Ipo bure. Na wenye kuijua ni hao hao vijana mnaowacheka.

Wala ulaghai huo si wa kwetu peke yetu, tusijidharau. Miaka ya 1990, huko kulikoendelea, wafanyabiashara walikuwa wanafuta maandishi ya mgongoni mwa prosesa, wanaikoleza, kisha wanachapa namba kubwa zaidi na kuiuza kwa bei ya hiyo namba. Intel walipopigilia misumari vizidisho vyao, walisema mojawapo ya sababu ni wizi huo. Sikatai, wizi ulikuwepo. Lakini angalieni mstari unapopita. Aliyekoleza prosesa akamficha mnunuzi ni mwizi. Aliyekoleza prosesa ile ile kwa njia ile ile, akaandika alichofanya, akaonyesha joto na muda, huyo ni mwalimu. Mkono ni mmoja, rangi ya kucha ni moja. Tofauti ni maandishi. Na hapo, waandishi wenzangu, ndipo mambo haya yanapowahusu, mtake msitake.

Wa pili ni wenye ofisi. Shule moja ya sekondari, ambayo nayo sitaitaja, ilipewa kompyuta za msaada. Zilikuwa Pentium III na Pentium 4, zilizotumika huko zilikotoka. Zikawekwa chumbani, mlango ukatiwa kufuli, na amri ikatoka: zisiguswe mpaka fundi aje. Fundi hakuja. Miaka ikapita. Panya wakazaliana humo. Siku moja zikapakiwa kwenye kirikuu kama magunia ya mkaa. Wanafunzi waliomaliza pale wakiwa hawajawahi kuona ndani ya kompyuta sasa wanaambiwa na wakubwa wale wale kwamba hawajui teknolojia. Mlitaka waijue kwa ndoto?

Woga huu una historia. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mambo ya hesabu kwa mashine hayakwenda vizuri, gharama zikauma, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Sisemi kwamba waliofanya hivyo walikuwa wajinga. Fedha za kigeni zilikuwa chache, na mashine ilikuwa imewatia hasara. Ninachosema ni kwamba mtu akidanganywa na mashine ana njia mbili: kuifungia mlango, au kujifunza kuihoji. Marufuku ile ililegezwa zamani, na kufikia miaka ya 1990 kompyuta zilikuwa zinaingia. Lakini moyo wa kufunga mlango ulibaki, na hadi leo anaonekana anayo funguo mfukoni.

Tena wilaya yetu haina kisingizio cha kusema sisi ni wa porini. Katikati ya miaka ya 2000, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na chuo cha KTH cha Stockholm walijenga mtandao wa majaribio katika wilaya za Bunda na Serengeti, wakitumia nyuzi za mwanga zilizokuwa tayari kwenye njia za umeme za TANESCO. Watafiti wa nje waliona kwamba Serengeti ni mahali pa kujaribia mambo. Je, sisi wenyewe tuzuiwe kujaribu Celeron moja ya kilo?

Wa tatu, na hawa ndio wananiuma, ni nyinyi. Ndiyo, nyinyi mnaosoma gazeti hili dogo na mnaoliandikia. Najua mtakachosema, maana mmeshanisema.

Mnasema: simu ya bei rahisi ya leo inaishinda Pentium III yako kwa mbali, sasa unakimbizana na nini? Kweli tupu. Inaishinda, tena bila jasho. Lakini ifungue basi hiyo simu. Iambie ikuonyeshe saa yake inapopiga. Sogeza jampa moja uone kitakachotokea. Huwezi, imegundishwa kwa gundi, na aliyeitengeneza hakutaka uingie. Mashine ya mwaka 1998 ina mlango. Ndani utaona hii ni saa, hii ni ramu, huyu ni feni, huu ndio umeme wake na hizi ndizo volti zake. Mtoto anajifunza kusoma kwa kitabu chenye herufi kubwa, hata kama baadaye atasoma gazeti. Pentium ya zamani ndiyo herufi kubwa za kompyuta.

Mnasema: huo ni ubishoo wa Wazungu. Ni kweli huko kwao umefika mbali. Mwaka 2011 watu wa AMD walichukua prosesa ya FX, wakaimwagia heliamu ya maji, ikafika megahezi 8,429, na jina likaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Wengine hutumia naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Sasa hiyo naitrojeni, mfugaji wa Mara anaifahamu kuliko wengi wa huko Ulaya! Ndiyo inayohifadhi mbegu za madume kwa ajili ya uhimilishaji, zile zinazotoka kituo cha taifa cha Usa River, Arusha. Mimi sitaigusa, ng'ombe wa watu kwanza. Nataka mjue tu kwamba hakuna kitu cha ajabu humo. Na moyo wenyewe si wa Mzungu. Fundi redio wa Tarime aliyebadilisha spika ya redio ya mkulima ili isikike mpaka shambani alikuwa anakoleza. Mwenye mashine ya kusaga aliyebadili puli wakati wa mavuno alikuwa anakoleza. Mpiga litungu akikaza nyuzi zake kabla ya ngoma anakoleza, tena anajua ni wapi akizidisha uzi utakatika.

Mnasema: mnaunguza mashine. Hapa nataka nijibu kwa hesabu, si kwa porojo. Joto la prosesa linapanda sambamba na kasi, lakini kwa volti linapanda kwa mraba. Celeron yangu inakula volti 2.0. Tuseme nimeipeleka kutoka 300 hadi 450, yaani mara 1.5, na ili itulie nikaipa volti 2.2. Volti imepanda mara 1.1, na 1.1 mara 1.1 ni 1.21. Zidisha kwa 1.5, utapata 1.8 na ushee. Yaani joto linakaribia maradufu kwa kasi iliyoongezeka nusu tu. Kwa hiyo mwenye akili anaanza bila kugusa volti. Anasafisha vumbi, anapaka pesti mpya, anaweka bati pana la kupoozea na feni nzima, anahakikisha pawa saplai haiyumbi umeme ukiyumba. Ndipo anapanda, hatua moja, anapima, hatua nyingine, anapima. Hata Intel wenyewe ukuta huu wa joto uliwasimamisha: mwaka 2004 waliacha mpango wa kutoa Pentium 4 ya gigahezi 4. Kijana wa Mugumu aliyewahi kukoleza anaelewa kwa nini, kwa vidole vyake. Aliyesoma tangazo la dukani haelewi.

Halafu mnasema lile la mwisho, mnalodhani ni kisu: kupima huko kunamsaidia nani?

Hebu niwape mfano mmoja, wa kweli. Mwaka 1994 Profesa Thomas Nicely wa chuo kimoja kidogo cha Virginia, Marekani, alikuwa anafanya hesabu za namba tasa. Majibu ya Pentium yake mpya yakawa hayalingani na ya mashine nyingine. Hakusema "labda nimechoka." Alipima, akarudia, akatenga kila sababu mpaka akabaki na moja: prosesa yenyewe inakosea kugawanya. Intel kwanza walilichukulia jambo kama dogo, eti mtu wa kawaida hatakutana nalo. Makelele yakawa makubwa, na mwishowe wakakubali kubadilishia watu prosesa, wakatenga dola milioni 475 kwa ajili ya hasara hiyo. Kosa lenyewe unaweza kulijaribu leo kwenye Pentium yoyote ya miaka hiyo. Gawanya 4195835 kwa 3145727. Jibu sahihi linaanza 1.33382. Ile mbovu itakupa 1.33373.

Tarakimu ya nne baada ya nukta! Kampuni kubwa ya prosesa duniani ilitikiswa na mtu mmoja aliyekataa kuamini karatasi ya kwenye kasha. Sasa niulizeni tena kupima kunamsaidia nani.

Lakini nisije nikaonekana nawapamba watu wangu tu. Katika sisi wakolezaji wapo waongo wakubwa. Mtu anawasha mashine, inaonyesha namba kubwa kwa sekunde tatu, anaipiga picha, mashine inazima, naye anazunguka na ile picha kijiweni wiki nzima. Hayo ni majigambo. Majigambo ni fani nzuri ya fasihi, nayaheshimu, lakini yasijifanye kipimo. Mashine iliyokolezwa inatakiwa iulizwe maswali matatu. Je, inafanya kazi ile ile kwa muda mfupi zaidi? Kwa hilo tunatumia Super Pi, programu iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1995, inayokokotoa tarakimu milioni moja za pai na kukupa muda wake. Ni ndogo, inakubali hata Windows 98. Je, inakumbuka bila kukosea? Kwa hilo kuna Memtest86. Je, inaweza kukaa saa nyingi kwenye mateso bila kutoa jibu la uongo? Kwa hilo kuna Prime95, ambayo inalinganisha majibu ya mashine na majibu yanayojulikana, na ikikuta hata moja limepotoka inasimama na kukushitaki.

Hilo la tatu ndilo nalipenda kupita yote. Mashine inayokimbia sana huku ikikosea haina faida kuliko ile ya polepole inayosema kweli. Mnaikumbuka sentensi hiyo tukizungumzia waandishi? Basi ikumbukeni na kwa prosesa.

Na sasa lugha. Tumepoteza jioni ngapi tukibishana kama ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Mabingwa wa lugha wana kazi yao, na wapo waliofanya kazi kweli: mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayosema Kiswahili kuanzia mlangoni. Lakini neno haliishi kwenye kamusi peke yake. Linaishi pale mtu anapolihitaji saa nane ya usiku, feni inavuma, na mwenzake anamwuliza "imekolea?" naye anajibu "imekolea, ila inachemka." Kiswahili hicho kipo. Kinasemwa Tarime, kinasemwa Sirari mpakani ambako fundi wa Isebania naye anakielewa. Ila hakijaandikwa. Kila tunachojua kuhusu mashine hizi tumekipata kwa Kiingereza kilichotafunwa, na kila tunachogundua wenyewe kinakufa siku fundi anapohamia mjini. Washikaji, hiyo ndiyo hasara, kubwa kuliko dhahabu yote iliyomo kwenye Pentium Pro.

Mtanijibu kwamba fasihi ni mapenzi, siasa na mauti. Sawa. Basi mwandikeni kijana aliyetumia mwezi mzima kuipandisha Duron megahezi mia moja bila mtu yeyote kumwomba. Kama hamwoni mapenzi humo, hamjui mapenzi. Mwandikeni mzee aliyeuza mbuzi akauziwa karatasi. Kama hamwoni siasa humo, basi siasa yenu ni ya majukwaani tu.

Kwa hiyo, kabla sijaweka kalamu chini, natoa madai yangu wazi wazi.

Kwa wauzaji wa mitumba: kila mashine iwashwe mbele ya mnunuzi, na aonyeshwe jina la prosesa jinsi inavyojitaja, si jinsi ilivyobandikwa. Dakika tano zinatosha. Mkikataa, tutakuja na flashi zetu mfukoni.

Kwa wenye shule na ofisi: kabla hamjapakia kompyuta kwenye kirikuu, toeni mbili tu. Mbili! Wapeni wanafunzi wa kidato cha pili na bisibisi. Ikiungua, imeungua takataka, kama mnavyoiita wenyewe. Ikipona, mmepata fundi.

Kwa wakolezaji wenzangu: usikoleze mashine ya mtu bila ruhusa yake, usiuze iliyokolezwa bila kusema, na usitaje namba bila kutaja volti, joto na muda. Nunueni daftari. Andikeni kila hatua kwa Kiswahili ambacho mdogo wako ataelewa. Prosesa za kauri zikipita kwa kilo, ziwahini kabla ya tindikali.

Na kwenu, watu wa kalamu: njooni mkae nasi usiku mmoja. Hatuombi msifu. Tunaomba muandike mnachokiona, kwa majina yake.

Anayebisha hoja zangu simkatazi. Ila asije na mdomo mtupu. Alete mashine yake, alete na saa, tupime.